Kamera Mbili Hadi Soweto West

Nilitoka nyumbani Kabiro, Kawangware, asubuhi ile kwa sababu Mama Akinyi alikuwa anahama Nairobi na hakutaka kuondoka bila picha. Hakutaka picha ya kuweka kwenye albamu. Alitaka ile ambayo siku moja itabebwa mbele ya jeneza lake. Kwao, upande wa ziwa, na siku hizi hata kwetu, mtu mmoja wa familia hutangulia jeneza akiwa ameishika picha ya marehemu kifuani, ndani ya fremu, na watu wote huutazama uso ule wakiimba. Mume wake alipofariki hawakuwa na picha yoyote. Walichukua ile ya kitambulisho, wakaikuza hadi ikawa kubwa kama sinia, na mzee yule mpole akapelekwa kaburini na uso wa mtu aliyeshikwa na polisi. Nilikuwepo. Nilimwona mjane wake akiitazama, kisha akageuza macho.

"Baba Njeri," aliniambia kwa simu, "kesho asubuhi napanda basi. Naenda nyumbani moja kwa moja, sirudi. Kuja leo na kamera."

Nikamwambia Akinyi, binti yake, ana simu nzuri inayopiga picha safi.

"Simu! Juzi wajukuu wamenipiga na hiyo simu, nikatoka na masikio ya paka. Sasa nizikwe na masikio ya paka? Leta ile kamera yako ya kuzungusha."

Mama huyu na mimi tumejuana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Alipofika Kawangware kwa mara ya kwanza alikuwa mpangaji wetu, katika chumba kilicho nyuma ya nyumba yetu, na alikuwa fundi wa nguo. Kanzu za kwaya yetu alizishona yeye, ingawa kanisa lake ni lingine, lile ambalo waumini huvaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu kifuani. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa na mpiga picha wa harusi na ubatizo. Yeye alishona, mimi nikapiga picha, na Mungu akatulisha sote wawili.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo sikumwambia kwenye simu. Macho yangu yana mtoto wa jicho. Kamera yangu ya zamani huhitaji jicho zima. Ukichungulia kwenye kidirisha chake, katikati unaona duara dogo lililokatwa nusu mbili, ya juu na ya chini. Kitu chochote kilichosimama wima, kama mlingoti au ukingo wa mlango, huonekana kimevunjika, nusu imekwenda kushoto na nusu kulia. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka nusu hizo zikutane ziwe kitu kimoja. Zikikutana, fokasi imeshika, yaani picha itatoka kali. Miaka mingi nilifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Siku hizi duara lile naliona kama kikombe cha maziwa.

Mwanangu Kariuki, aliyeko Nakuru, alinihurumia. Alinitafutia kamera nyingine ya filamu, iliyotumika lakini safi, inayojifokasi yenyewe. "Baba, hii haitaki macho," aliniambia. "Bonyeza nusu, ngoja taa ya kijani, malizia." Nilimshukuru Mungu kwa mtoto anayekumbuka kazi ya baba yake. Nilipiga nayo wajukuu wakikimbia uani, na picha zilitoka kali kuliko nilizopiga nikiwa kijana. Kwa hiyo asubuhi ile niliweka kamera mpya kwenye mkoba na kuiacha ya zamani mezani.

Mama Njeri, mke wangu, aliiona pale. "Beba zote mbili," akasema. "Hiyo mpya hujaizoea, na hiyo ya zamani wewe ndiye umeizoea sana."

Nikaongeza ya zamani, iliyokuwa na filamu iliyobakiza picha chache, na ile stendi yangu ya miguu mitatu. Tukaomba pamoja mlangoni, kwa ufupi, kama tunavyofanya mmoja wetu akitoka. Nikaondoka.

Kutoka Kabiro nilitembea. Jua lilikuwa bado changa, na mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope pembeni mwa barabara. Wauza mboga walikuwa wakinyunyizia sukuma wiki maji. Nilitembea polepole kwa sababu mtu mwenye macho yangu lazima aulize mguu kabla ya kuushusha, na pia kwa sababu kila hatua kumi mtu alinisalimia na sikuweza kujua ni nani mpaka asogee. Niliitikia wote kwa jina la Bwana. Nilipovuka barabara ya Ngong nilikuwa nimechoka. Nikachukua boda boda, na mwendeshaji akanipitisha Jamhuri na Olympic hadi Kianda.

"Guka, shikilia," alisema, akiniita babu kwa lugha yetu, kila tulipokaribia tuta. Aliponishusha Kianda aliutazama mkoba. "Uko na nini hapo inakufanya uikumbatie hivyo, ni mtoto?"

"Kamera."

"Za nini, na kila mtu ako na simu?"

"Kuna mtu hataki masikio ya paka," nikamwambia. Alicheka bila kuelewa, akaenda.

Kianda ndipo Akinyi ana saluni yake, chumba kimoja cha mabati kilichopakwa rangi ya waridi. Alikuwa amesimama nyuma ya mteja, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Akinyi ni mwanamke wa makamo sasa, lakini mimi bado namwona msichana aliyekuwa akiokota vipande vya nguo chini ya cherehani ya mama yake uani kwetu.

"Mzee, sasa," alisema, lakini hakutabasamu. "Mathe amekuita."

"Mama yako ameniita. Nilisema nipite twende pamoja."

"Mimi naenda kumsaidia kufunga mizigo. Hiyo story ya picha msiniweke." Alivuta nywele za mteja kwa nguvu mpaka mteja akasema aii. "Mtu mzima anakaa chini anapanga picha ya matanga yake. Hiyo ni kuita kifo, mzee. Hata nyinyi watu wa kanisa mnajua ni kuita."

"Siku yake Mungu anaijua tayari, na yangu pia. Picha haiwezi kuisogeza."

"Basi angojee. Kwani nani anamkimbiza?"

Mteja akaingilia kati. "Si ni picha tu? Mimi ningepigwa hata saa hii, bora umalize hii side kwanza nisitoke nikikaa kuku amemwagiwa maji."

Akinyi alilazimika kucheka. Nilikaa kwenye benchi nikasubiri amalize. Sikumsihi. Katika miaka ya uzee wangu kanisani nimejifunza kwamba mtu aliyekasirishwa na huzuni hashindwi kwa maneno. Mteja alipotoka, Akinyi alifunga mlango kwa kufuli na kubeba stendi yangu bila kuulizwa. Tulishuka pamoja.

Kuingia Soweto West, anakoishi Mama Akinyi, ni lazima mtu ajue njia. Nyumba zimekaribiana kiasi kwamba sehemu nyingine Akinyi alitangulia na mimi nikaweka mkono begani mwake. Tuliruka mtaro. Tulipita chini ya nguo zilizoanikwa, na moja ikanipiga usoni, ikinuka sabuni. Watoto walituamkia "how are you" kana kwamba tulikuwa wageni kutoka mbali. Akinyi aliwafokea, "Mnamuuliza guka how are you, kwani ni mzungu?" Wakacheka wakakimbia.

Mama Akinyi alikuwa ameketi kwenye kochi lake, tayari, amevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu na kitambaa cheupe kichwani. Amekonda. Niliushika mkono wake na nikahisi mifupa yote.

"Umekawia, Baba Njeri. Nimekaa hivi hata chai sijakunywa, nisimwagike."

"Nimekuja na miguu ya mzee."

"Na macho je? Nasikia watu wanasema hauoni."

"Naona ya kutosha. Mwanangu amenipa kamera inayoona yenyewe."

Akaniombea njia njema niliyokwisha kuimaliza, akashukuru, na tukanywa chai na viazi vitamu. Nyumba yake ni chumba kimoja, kama nyumba nyingi za hapo. Pazia jeupe la lesi linagawa sebule na kitanda. Siku hiyo sebule yote ilikuwa imejaa mizigo: magunia, sufuria zilizofungwa kwa kamba, cherehani iliyoviringishwa kwenye blanketi. Palibaki nafasi ya kochi lake tu, karibu na mlango, ambapo mwanga ulimwangukia vizuri upande mmoja wa uso. Hapakuwa na mahali pa mpiga picha kusimama isipokuwa upande wa kitanda, nyuma ya pazia.

"Simama huko," alisema, "lakini pazia usiifungue. Mgeni hawezi kuacha kitanda changu wazi na mlango uko wazi, watu wapite wakiangalia."

Hilo nililielewa. Kwa watu wanaoishi chumba kimoja, pazia lile ndilo ukuta, na heshima ya mwenye nyumba imening'inia hapo. Niliahidi kupenyeza lenzi tu, pale vipande viwili vya lesi vinapokutana. Akinyi alichukua kigoda akakaa mlangoni, akatugeuzia mgongo.

Nikatoa kamera mpya. Nikabonyeza nusu. Injini yake ndogo ikalia, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikalia tena. Kisha taa ya kijani ikawaka. Nikapiga. Nikasogea kidogo, ikalia, taa ikawaka, nikapiga tena. Nilifurahi moyoni. Nilipiga zaidi ya mara tano, na kila mara taa ile iliniambia ndiyo.

"Hiyo kitu inalia kama mbu," alisema Akinyi bila kugeuka.

"Inatafuta," nikamjibu.

"Inatafuta nini? Mtu si ameketi hapo?"

Swali lile lilinigusa. Nilichungulia tena na kukodoa macho. Niliona weupe, na ndani ya weupe kitu cheusi, na taa ya kijani. Hakika yangu yote ilikuwa imetoka kwa ile taa.

"Akinyi," nikasema, "njoo unisaidie macho. Si lazima uikubali picha. Niambie tu unachoona."

Mama yake akasema neno kwa Kijaluo, fupi, na Akinyi akainuka, akapita kati ya mizigo, akaja upande wangu. Akaweka jicho. Nikamwambia abonyeze nusu. Mbu akalia.

"Naona lesi," alisema. "Iko klia sana, mzee, hata naona ile shimo mathe alishona akarudia. Maua yote yako poa."

"Na mama?"

"Mathe ni kama moshi."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, nikisahau kabisa adabu niliyoahidi. Nilikuwa nimepiga pazia. Kila mara kingo za lesi zilikuwa zikipeperuka kwa upepo wa mlangoni, zikaingia katikati ya lenzi, na kamera ikashika kilichokuwa karibu. Sikuweza kuilaumu. Ilikuwa imeulizwa kama mbele kuna kitu, ikajibu kwamba kipo. Haikujua kwamba kesho yake kimoja kati ya vitu vile viwili kingepanda basi na kisirudi.

"Imeharibika?" Mama Akinyi aliuliza.

"Bado," nikasema. "Tunaanza upya."

Nilitoa ile ya zamani na kuifunga juu ya stendi. Nilichungulia na nikaona kikombe changu cha maziwa. Basi nikampa Akinyi kidirisha, mimi nikashika pete. Nilimweleza habari ya duara na nusu mbili. "Tafuta kitu kilichosimama wima," nikamwambia. "Huo msalaba wa kanzu unafaa sana. Utauona umevunjika katikati. Mimi nazungusha, wewe uniambie ukiunganika."

"Sawa. Zungusha. Zungusha. Hapo! Ah, umepita. Rudi."

Nikarudi.

"Umerudi sana! Mbele kidogo. Si hiyo kidogo, mzee, kidogo ya ukweli."

"Mnachimba kisima huko?" mama yake akauliza kutoka kwenye kochi, na sote watatu tukacheka, hata aliyekuwa amekasirika.

Nikaelewa kwamba mkono wa mtu mmoja hauwezi kufuata jicho la mwingine. Nikauchukua mkono wa Akinyi nikauweka juu ya pete. "Zungusha mwenyewe. Usiharakishe. Itakuambia."

Nilisogea nikasimama kando, sina kazi, nikiwa nimeshika lesi isipeperuke. Akinyi aliinama. Nilisikia pete ikisogea, ile sauti laini ya mafuta ninayoijua miaka yote. Ikasimama. Ikasogea tena. Dakika moja ikapita, labda zaidi. Pale Kianda aliniambia hataki hata kusikia habari ya picha ya uso huu. Sasa alikuwa anautazama kwa jicho moja, la pili amelifumba, na hakuwa na njia ya kutazama pembeni.

"Inakataa kushika?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Inashika." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Halafu inakatika tena. Ni vile anapumua, mzee. Akipumua tu inakatika."

"Basi fuata pumzi yake. Akimaliza kuitoa, kuna mahali anatulia kabla hajavuta nyingine. Ngoja hapo."

"Umelala huko, nyathina?" mama akamwita. Ndivyo anavyomwita, mwanangu, kwa lugha yao.

"Ngoja, mama. Nakuona."

Mama Akinyi hakuuliza tena. Alitulia, na hata mimi, kwa macho yangu haya, niliona weupe wa kanzu ukitulia. Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye mabati, naye akanyamaza kidogo. Akinyi alibonyeza.

Hakuinua kichwa. Alivuta mkono wa kusogeza filamu kama nilivyomwonyesha, akazungusha tena, akasubiri tena, akabonyeza. Alifanya hivyo mpaka filamu ikakataa kuvutika. Ndipo aliposimama wima na kujifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema kwa ukali kwamba vumbi la chumba hiki ni jingi na mama yake alipaswa kufagia kabla ya kualika watu.

"Nimefagia mara mbili," alisema Mama Akinyi.

Kabla sijaondoka tuliomba, kila mmoja kwa namna ya kanisa lake, na yeye akaomba kwa muda mrefu kuliko mimi. Nilipomuaga alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Baba Njeri, nimeshukuru. Sasa hata hiyo picha ikikataa, leo nimeangaliwa vizuri." Tuliachana mlangoni, chini ya nguo zilizoanikwa, na tulijua sote kwamba kama tutaonana tena haitakuwa Nairobi.

Njiani kurudi Akinyi alinisindikiza hadi Olympic. Alinitafutia boda boda, akamwonya mwendeshaji kwamba akinimwaga atamtafuta mpaka kwao, akanikabidhi mkoba. Jioni ilikuwa imeingia nilipofika Kabiro. Mama Njeri alinipokea na kuniuliza kamera ipi ilifanya kazi. Nikamwambia zote mbili zilifanya kazi zilivyojua. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeahirisha jambo hilo muda mrefu, nikamwambia pia kwamba nitakubali kupelekwa kwa daktari wa macho. Alishukuru Mungu kwa sauti hata jirani akasikia.

Wiki iliyofuata filamu zilirudi kutoka mjini zikiwa zimesafishwa na picha kuchapishwa. Za kamera mpya zilikuwa picha nzuri sana za lesi. Za kamera ya zamani nilizitazama mezani kwa kioo cha kukuzia, nikiinama mpaka pua ikagusa karatasi. Nyingine hazikushika. Moja ilishika. Kingo za lesi zilionekana pande zote mbili kama ukungu mwepesi, na katikati alikuwa Mama Akinyi, karibu kucheka. Lakini nilipoufikia ule msalaba kifuani nilishangaa. Ulikuwa umefifia kidogo. Nikapandisha kioo. Kilichokuwa kikali kuliko vyote ni uso: kope, ile mikunjo miwili midogo iliyosimama kati ya nyusi, na tone la mwanga ndani ya jicho.

Akinyi alikuja kuzichukua Jumapili baada ya ibada. Aliketi kwenye kiti cha sebuleni kwetu, akaiweka ile moja magotini na kuitazama kwa muda mrefu. Alisema mama amefika salama, analalamika kuhusu mbuzi wa jirani, na kila siku anaulizia picha. Nakala moja angeituma kwa basi. Ya pili angeitundika saluni, mahali anapoiona akisuka.

Nikamwonyesha msalaba kwa kidole. "Sikukuambia ufokasi hapa?"

"Uliniambia, mzee. Ulishika mara ya kwanza kabisa."

"Sasa mbona ukauacha?"

Hakuinua macho kutoka kwenye picha. "Msalaba hauendi mahali, mzee," alisema. "Mama ndiye alikuwa anaenda."

Mimi ni mzee wa kanisa, na nimefundisha watu wengi habari za msalaba. Nilimsogezea chai, nikamwacha aendelee kutazama.